Kichwa cha Mshauri

Julai 1364, mjini Zaragoza, Bernat de Cabrera alikatwa kichwa kwa kosa la uhaini. Miaka 17 kabla ya hapo, mfalme huyohuyo aliyemshtaki, Pere wa Nne wa Aragon, ndiye aliyemwita atoke katika monasteri ya Sant Salvador de Breda, alikokuwa amejitenga na siasa, aje kumsaidia.

Wakati ule makabaila wa Aragon na Valencia walikuwa wameungana na kumbana mfalme akubali masharti yao. Cabrera, kabaila wa Katalunya, hakuanza kwa upanga. Aliwaendea baadhi ya wakubwa wa muungano ule, akawavuta upande wa mfalme. Mwaka 1348 waliobaki walishindwa vitani huko Épila, na mfalme akafuta haki alizokuwa amelazimishwa kuzitoa.

Mwaka 1353 Cabrera aliongoza manowari za mfalme hadi Sardinia. Akishirikiana na Venice, aliwapiga Wagenoa karibu na Alghero, mji ambao hadi leo baadhi ya wakazi wake huzungumza Kikatalani.

Kilichomponza ni amani. Vita na Castilla vilianza 1356, na kufikia 1363 adui alikuwa ameteka Tarazona, Calatayud na Teruel. Cabrera aliiona hazina inakauka, akasimamia mapatano ya Murviedro. Lakini Malkia Elionor hakumpenda, na Enrique wa Trastámara, aliyeutaka ufalme wa Castilla, alihitaji vita viendelee. Mtoto wa Cabrera alikuwa mateka huko Castilla. Kwa maadui zake, baba alikuwa na sababu ya kusaliti. Cabrera alikimbia, akakamatwa Navarra, akarudishwa.

Hukumu ilitolewa kwa jina la Joan, mrithi wa kiti, kijana wa miaka 13. Mlezi wake alikuwa Cabrera.

Tumezoea kuisoma kesi hii kama kisa cha fitina za ikulu. Fitina zilikuwepo, lakini hazitoshi. Vita vile vilikuwa uamuzi wa Pere, na hasara zake zilihitaji mtu wa kubebeshwa. Katika utawala ule mfalme hakukosea; alipotoshwa na washauri. Kadiri Cabrera alivyokuwa karibu na kila uamuzi, ndivyo alivyofaa zaidi kuulipia.

Miaka ilipopita, Pere alimrudishia mjukuu wa Cabrera mali ya ukoo. Ardhi ilirudishika.