Kiti cha Ishirini na Tatu

Asimamaye pwani ya Tanga akaelekea mashariki, ng'ambo ya maji ni Pemba. Januari 1961 Zanzibar ilifanya uchaguzi wa viti 22, hesabu shufwa, jambo ambalo hata mtoto wa chuoni angelitilia shaka. ASP kilipata 10, ZNP 9, ZPPP 3. Watatu hao wakagawanyika, wawili kwa ZNP, mmoja kwa ASP: 11 kwa 11. Na Chake Chake ilichukuliwa kwa kura moja tu!

Wamarekani nao walikwama hivyo mwaka 1800, Jefferson na Burr wakiwa na kura 73 kila mmoja, hata wakarekebisha katiba mwaka 1804. Kwetu dawa ilikuwa kuongeza jimbo moja, Pemba. Uchaguzi ukarudiwa Juni. Ghasia zikaua watu 68, na ASP, chenye karibu nusu ya kura zote, kikabaki na viti 10 dhidi ya 13.