Kati ya -ki- na -ka-: Historia ya Neno Moja la Waebrania

Wanafunzi wetu wengi hujifunza Kiswahili kama lugha ya pili, na tofauti ya -ki- na -ka- huiona kuwa jambo la mtihani tu. Historia ya tafsiri ya Biblia inaonyesha kwamba tofauti hiyo inaweza kubeba mjadala mzito wa imani.

Kigiriki cha Agano Jipya hutumia kwa wingi partisipo, yaani umbo litokanalo na kitenzi lakini linalochukua jinsi, idadi na uhusika kama kivumishi. Umbo hilo lenyewe halisemi "kama", "kwa sababu" wala "ingawa". Maana hizo huamuliwa na muktadha, hivyo mfasiri hulazimika kuchagua.

Katika Waebrania 6:4-6, partisipo tano zinafuatana. Nne za kwanza zinahusu watu waliotiwa nuru, wakaonja na kushirikishwa mema ya Mungu. Ya tano, parapesontas, inahusu kuanguka. Kwa watu hao, mwandishi anasema haiwezekani kuwarejesha katika toba.

Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 iliifanya ile ya tano kuwa sharti: kama wataanguka. Agano Jipya lililosahihishwa mwaka 1881 liliondoa sharti hilo, likalifanya anguko kuwa tukio lililofuata mengine. Toleo la New International Version katika chapa ya 1984 lilitumia "kama". Katika chapa ya 2011 likaliacha.

Kwa nini neno dogo lisumbue hivyo? Kwa waaminio kwamba Mkristo wa kweli hawezi kupotea, "kama" huliacha anguko liwe jambo la kudhaniwa. Bila "kama", wanaosemwa ni watu waliokwisha kuanguka. Kisarufi, partisipo zote tano ziko chini ya kibainishi kimoja na zimeunganishwa kwa viunganishi. Ni vigumu, basi, kuipa ya mwisho peke yake maana ya sharti. Hata hivyo, sarufi haimalizi mjadala; bado watu huuliza walioanguka walikuwa waumini wa namna gani.

Kwa Kiswahili, mjadala huo wote unakaa katika irabu moja: wakianguka au wakaanguka. Walimu wenzangu, tuwape wanafunzi mfano huu darasani. Wataona kwamba kiambishi hakipambi kitenzi tu, bali huamua kinachosemwa.