Kiwewe cha vita: Je, askari anaweza kukomaa kutokana na machungu aliyoyapitia?

Vita vilivyozuka nchini Burundi baada ya kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye, Oktoba 21, 1993, viligharimu maisha ya watu wanaokadiriwa kufikia 300,000. Baadaye maelfu ya wapiganaji walirejea uraiani, na wengine wakaunganishwa katika jeshi jipya. Kuanzia Desemba 2007, wanajeshi wa Burundi walipelekwa Somalia chini ya Umoja wa Afrika, ambako kambi zao za Leego, mwaka 2015, na El Baraf, mwaka 2022, zilishambuliwa na Al-Shabaab.

Wengi hufahamu madhara ya kiwewe: ndoto za kutisha, hasira za ghafla, kukosa usingizi na kujitenga. Lakini wataalamu wa saikolojia wanaeleza pia hali nyingine, ambayo ni ukuaji baada ya kiwewe.

Ukuaji huo ni nini?

Dhana hii ilipewa jina katikati ya miaka ya 1990 na wanasaikolojia wa Marekani, Richard Tedeschi na Lawrence Calhoun. Mwaka 1996 walichapisha kipimo chenye maswali 21, kinachochunguza nyanja tano: kuthamini uhai, uhusiano na watu, nguvu za nafsi, njia mpya za maisha, na imani ya kiroho.

Kwa mujibu wao, mtu hakuzwi na janga lenyewe, bali na jitihada ya kuyajenga upya mawazo ambayo janga hilo limeyabomoa. Utafiti wa mwaka 1980 miongoni mwa marubani wa Marekani waliotekwa katika vita vya Vietnam ulionyesha kuwa takriban asilimia 61 waliona wamepata mabadiliko ya manufaa.

Hali ikoje Burundi?

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Konstanz cha Ujerumani, wakishirikiana na wenzao wa Bujumbura, waliwalinganisha askari walio kazini na wapiganaji wa zamani. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2015 yalionyesha kuwa waliorejea uraiani walikuwa na dalili nzito zaidi za kiwewe. Tofauti hiyo inaashiria kwamba maisha baada ya vita nayo yana uzito wake: kazi, heshima na watu wa kuelewana nao.

Tangu mwaka 2003, warsha za siku tatu zilizoanzishwa na Wakristo wa Kanisa la Marafiki zimekuwa zikiwakutanisha Wahutu na Watutsi kwa idadi sawa, ili wasimuliane yaliyowapata na kuaminiana tena. Usikilizaji wa namna hiyo ndio ambao Tedeschi na Calhoun wanauona kuwa chachu ya ukuaji.

Tahadhari

Ukuaji hauna maana kwamba maumivu yamekwisha. Mambo hayo mawili huweza kuishi katika moyo mmoja. Askari anayesema vita vimemfunza kumthamini mkewe na watoto bado anaweza kuamka usiku akipiga kelele. Asiyeona ukuaji wowote naye hajashindwa, na wala dhana hii isiwe kisingizio cha kumnyima matibabu.

Familia zinazoona dalili zikiendelea kwa zaidi ya mwezi mmoja zinashauriwa kutafuta wataalamu. Mjini Bujumbura, huduma hiyo hutolewa katika Kituo cha Magonjwa ya Akili cha Kamenge.