Swali la Sinema Lililomtahayarisha Stempel

Wako wanaoshikilia kuwa maswali ya sinema katika chemsha bongo za televisheni ni mambo ya kupitishia jioni, na kwamba Herbert Stempel wa New York, mshindani aliyefichua hila za chemsha bongo ya Twenty-One, alisukumwa na husuda tu. Kauli hiyo imepata wafuasi zaidi tangu 1994, Robert Redford alipotoa filamu yake ya Quiz Show. Siikubali, na hoja yangu naitoa katika shahada zilizotolewa mwaka 1959 mbele ya kamati ya Bunge la Marekani, ambazo wengi huzitaja na wachache huzisoma.

 

Usiku wa tarehe 5 Desemba 1956 Stempel, mwanafunzi na askari wa zamani, alisimama ndani ya kibanda cha vioo akaulizwa ni sinema gani iliyopata tuzo ya Oscar ya mwaka 1955. Jawabu lilikuwa Marty, kisa cha muuza nyama mpweke wa Bronx, mtaa ule ule aliozaliwa Stempel. Tena kisa hicho, kabla ya kuwa sinema, kilikuwa mchezo wa Paddy Chayefsky ulioonyeshwa mwaka 1953 na NBC, kituo kile kile kilichorusha Twenty-One. Mwenyewe alisimulia kuwa ameitazama mara tatu. Ilhali Dan Enright, mtayarishaji, alikwisha kumwamuru ajibu On the Waterfront, mshindi wa mwaka uliotangulia, ili mpinzani wake Charles Van Doren, mwalimu kijana wa Chuo Kikuu cha Columbia, apate nafasi ya kushinda, naye Stempel akatii. Mchezo uliendelea baada ya kosa lile hata akashindwa, lakini fedheha iliyomkaa rohoni ilikuwa ile ya Marty, kwa kuwa mamilioni ya watu wa kawaida waliijua sinema hiyo, na mbele yao alilazimishwa kujifanya mjinga. Kabla ya hapo alikwisha kufundishwa jinsi ya kusita, na jinsi ya kujipangusa jasho kwa kuligusagusa.

Aliposema haya kwa mara ya kwanza hakusadikiwa. Basi tazama ithibati ya mchoraji James Snodgrass, mshindani mwingine wa Twenty-One, ambaye mwezi wa Mei 1957, kabla ya matangazo, alijipelekea barua za rejista zenye maswali na majawabu yake, nazo zikasomwa mbele ya kamati. Mojawapo inahusu vibeti saba wa Snow White: imeandikwa majina yao yatajwe kwa utaratibu gani, na baada ya jina lipi asite kana kwamba anakumbuka kwa taabu. Hata sinema ya watoto ilipangiwa fadhaa ya uongo!

Tarehe 2 Novemba 1959 Van Doren, aliyejichumia dola 129,000, alikiri mbele ya kamati hiyo kuwa naye alipewa majawabu; mwaka 1960 sheria ikaharimisha udanganyifu huo. Kuwa Stempel alikuwa na kinyongo ni kweli; lakini kila neno la msingi alilolisema juu ya usiku ule lilithibitika, wala sioni insafu ya wanaoendelea kumwita hasidi.