Vinyago vya zamani vya Wakamba: jinsi ya kuvitambua na kuvihifadhi

Sisi watu wa Pwani tumezoea kuhesabu milango ya nakshi, majahazi na kanga kuwa urithi, lakini vinyago vinavyochongwa pale Changamwe twaviona biashara ya watalii tu. Kwa maoni yangu hilo si sawa. Kazi hiyo ina umri wa takriban miaka mia moja, na vipande vyake vya mwanzo vinatawanyika bila hesabu. Mimi hukusanya vinyago hivi, hasa kutoka nyumba za Katangi na Wamunyu, kaunti ya Machakos. Haya ndiyo yanayomfaa anayetaka kuanza.

Asili yake

Wakamba ni mafundi wa mbao tangu kale. Vigoda vya miguu mitatu vilivyopambwa kwa nyaya za shaba ni kazi yao. Uchongaji wa kuuza ulianza baada ya Vita Vikuu vya Kwanza. Mutisya Munge wa Wamunyu alikwenda Tanganyika wakati wa vita, akajifunza kwa wachongaji wa huko, akarudi nyumbani na ufundi huo. Baadaye vijana wa Ukambani waliteremka Mombasa kufuata wanunuzi, na mwaka 1963 ukaanzishwa ushirika wa Akamba Handicraft, Changamwe. Ndiyo sababu historia ya kinyago kimoja huwa nusu yake Pwani, nusu yake Machakos.

Kutambua mbao

Mpingo ni mzito kiasi cha kuzama majini. Kiini chake ni cheusi hadi ndani, na sehemu ya nje ya gogo ni ya manjano hafifu. Mbao nyepesi mara nyingi hupakwa rangi ya viatu ili zifanane nao: sugua chini ya kitako kwa kitambaa cheupe, na ukiona weusi umetoka, shuku. Mhuhu ni wa kahawia na una harufu nzuri. Miti hii miwili ilikatwa mno, na tangu miaka ya 1990 wachongaji wamehimizwa kutumia mwarobaini na mwembe. Basi kinyago cha mwarobaini kwa kawaida si cha zamani sana.

Kusanya na habari zake

Huko Marekani wapo wanaokusanya pini kuukuu za mchezo wa bowling, na pamoja na pini hutafuta karatasi za pointi, beji za timu na picha za kumbi. Nasi tufanye vivyo hivyo. Tezo iliyolika makali, patasi, stakabadhi za ushirika na picha ya fundi kazini vina thamani sawa na kinyago chenyewe. Tazama pia chini ya kitako: nambari iliyoandikwa hapo yaweza kuwa ya mwanachama aliyekichonga.

Kutunza

Usikianike juani, wala usikipake mafuta ya kupikia. Kinyago kilichozoea unyevu wa Mombasa kikipelekwa kwenye ukavu wa Katangi huweza kupasuka. Kizoeshe taratibu, kikiwa kimefungwa kwa kitambaa. Ukiona unga wa mbao chini yake, kitenge na vingine, kwani kina wadudu.

Sheria

Sheria ya Makumbusho na Turathi ya mwaka 2006 inalinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1895, na milango ya nakshi ya kabla ya 1946. Vinyago vya biashara vilianza baadaye, kwa hiyo umri wao peke yake hauvipi ulinzi huo. Mtu aweza kununua kazi yote ya marehemu fundi kwa bei ya kuni akaondoka nayo, na jina la fundi likafia hapo.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza bei, uliza nani alichonga, wapi, na kwa mti gani. Yaandike siku hiyohiyo na uyahifadhi pamoja na kinyago. Wazee wanaojua majibu wanazidi kupungua.