Pori Lililokuja Baada ya Mji

Mgeni anayetoka Dar es Salaam kwenda Bagamoyo, mwendo wa kilomita 70 hivi, kwa kawaida hupangiwa ratiba ya aina moja: asubuhi magofu ya Kaole na mji mkongwe, mchana mtumbwi kati ya mikoko, kesho yake kaskazini hadi Hifadhi ya Taifa ya Saadani kuona tembo, viboko wa mto Wami na ufuo usio na nyumba. Katika ratiba hiyo habari za watu huishia mjini. Ng'ambo ya nyumba ya mwisho huhesabiwa kuwa maumbile matupu, mahali pa kunyoosha miguu na kusaka msisimko. Wapangaji hufuata mpangilio huo ili kufupisha njia, lakini bila kukusudia wamefuata pia mpangilio wa miaka. Katika pwani hii mji ndio uliotangulia, na sehemu kubwa ya kile tunachokiita pori ilikuja baadaye, juu ya bandari zilizohamwa, njia zilizoachwa na mazizi yaliyofungwa. Asiyelijua hilo anaweza kutembea siku tatu akiwa katikati ya historia, akarudi akisema ameona ardhi isiyoguswa.

Ushahidi wa kwanza uko Kaole, kilomita 5 hivi kusini mwa mji. Yapo mabaki ya misikiti miwili na makaburi yaliyojengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na msikiti mkongwe zaidi ni wa karne ya 13. Makaburi ya wakubwa yalisimamishiwa nguzo, na kwenye nguzo hizo vilichongwa vishimo vya mviringo ambamo mabakuli ya kaure kutoka China yalipachikwa kama mapambo. Bakuli halifiki Kaole lenyewe. Lilihitaji bandari, nahodha, mnunuzi na mtu wa kujivunia mali mbele ya jirani zake. Mwanaakiolojia Neville Chittick alipofanya uchimbaji hapo mwaka 1958, magofu yalikuwa yametengwa na bahari na ukanda wa mikoko. Mkoko hausimami kwenye maji ya kina. Huota tope likishatulia. Tope lilijaa mahali pa kuegeshea vyombo, mikoko ikalifuata, na wakazi wakahamia taratibu upande wa Bagamoyo. Kwa hiyo mgeni anayepiga kasia leo kati ya mizizi ile, akiwatazama kaa na ndege mdiria, anaelea juu ya bandari. Msitu ule ni ukurasa wa mwisho wa habari za Kaole, na kuusoma kana kwamba ndio wa kwanza ni kukisoma kitabu kwa kukigeuza.

Ushahidi wa pili ni njia. Bagamoyo inajulikana duniani kama lango walilopita Wazungu wavumbuzi: Burton na Speke walioanzia Kaole mwaka 1857, Stanley mwaka 1871, Cameron mwaka 1873. Vitabu vyao viliwafundisha wasomaji wa Ulaya kwamba mtu akiiacha pwani hii anazama kusikojulikana. Lakini kila mmoja wao alipita barabara ya wenyewe. Wanyamwezi walikuwa wakishuka kutoka Unyanyembe, upande wa Tabora ya leo, na pembe za ndovu wakati wa kiangazi, wakirudi kwao kuwahi msimu wa kulima. Mzigo wa mpagazi ulikuwa kama frasila mbili, yaani kilo 30 na ushei. Mbele alitangulia kirangozi aliyejua maji yako wapi na hongo, yaani ushuru wa kupita, hulipwa kwa nani. Waliporudi bara walibeba merikani, kaniki, shanga na nyaya za shaba, na kila kitambaa kilikuwa na jina na bei yake njiani. Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyeuzwa utumwani hadi India akiwa mdogo, alitembea na Burton, Speke, Stanley na Cameron kwa zamu. Wenye safari walibadilika, yeye akabaki yule yule. Hata neno safari, ambalo leo huuziwa wageni kama jina la burudani, lilizoeleka kwa Wazungu kwa sababu ya watu wa namna hii, ambao kwao lilikuwa kazi yenye ujira, utaratibu na fahari yake.

Anayetaka kisa cha kishujaa hana haja ya kuwatafuta wageni. Mvumbuzi David Livingstone alifariki kwa chifu Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia, Mei 1873. Watumishi wake Chuma, Susi na wenzao walizika moyo wake hapo hapo, wakaukausha mwili, wakaubeba kwa miezi kama tisa kupitia njaa, maradhi na vijiji vilivyoogopa maiti. Februari 1874 waliufikisha Bagamoyo, ukalazwa katika kanisa la misheni kabla ya kuvushwa Unguja. Hakuna matembezi ya sasa, hata yakiwa na hema na mpishi, yanayokaribia ugumu wa safari ile, na kilichoiwezesha ni ujuzi wa njia. Anayeita bara ya wakati ule pori lisilo na njia ajiulize wale mabwana walifikaje ufukweni na mzigo wao.

Ushahidi wa tatu, na kwangu ndio mzito kuliko yote, ni Saadani yenyewe. Kabla ya kuwa jina la hifadhi, Saadani ilikuwa bandari ya misafara iliyoshindana na Bagamoyo, chini ya Bwana Heri bin Juma, mtawala aliyepigana na Wajerumani katika vita vya 1888 na 1889 sambamba na Abushiri bin Salim wa Pangani. Mji ulishambuliwa na kuchomwa. Kisha mambo mawili yakaimaliza biashara ya pwani hii: makao makuu ya Wajerumani kuhamishwa kutoka Bagamoyo kwenda Dar es Salaam mwaka 1891, na reli ya kati iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Kigoma mwaka 1914. Mizigo ilipopanda treni, njia za miguu zikaota majani. Upande wa kaskazini wa hifadhi ya leo kulikuwa na ranchi ya ng'ombe ya Mkwaja, iliyoanzishwa miaka ya 1950 na kufungwa mwaka 2000 baada ya kuhangaika kwa miongo na mbung'o, nagana na vichaka vya migunga. Mwaka 2005 Saadani ikatangazwa hifadhi ya taifa. Na tazama kinachotokea katika ardhi ya ranchi: mahali ambapo ng'ombe walilazwa usiku kwa miaka mingi, samadi ilirutubisha udongo, ukoka mfupi ukaota, na wanyama pori huja kula hapo. Swala na ngiri wanaopigwa picha kama alama ya Afrika isiyoguswa huenda wamesimama kwenye zizi.

Hapa hoja yangu ina mipaka, na mwenye kupinga ana haki ya kunikumbusha. Msitu wa Zaraninge, ndani ya hifadhi hiyo hiyo, ni sehemu ya misitu ya pwani ambayo asili yake ni ya kale kuliko mji wowote, na kasa wanaotaga mayai katika ufuo wa Madete hawakufundishwa na mtu. Nakubali. Sisemi kwamba watu ndio walioumba kila kitu. Nasema kwamba kazi ya watu na maumbile vimefumana, na anayevitenganisha havioni vizuri vyote viwili. Pingamizi kubwa zaidi ni la wahifadhi: tukisema pori ni masalia ya kazi ya watu, je, hatuwapi hoja wanaotaka kulikata, kulilima au kulijenga? Nadhani hatari iko upande wa pili. Ardhi inayosimuliwa kuwa tupu ndiyo inayogawiwa kwa urahisi, maana hakuna anayedhani amemnyang'anya mtu. Ardhi yenye majina, makaburi na kumbukumbu ina watetezi. Mkwaja inatufundisha pia kwamba uoto na wanyama hurudi watu wakiamua warudi. Kwa hiyo hifadhi ni uamuzi unaohitaji kulindwa kila mwaka, kama mji unavyohitaji kutunzwa.

Wapo pia wanaoona ni aibu kuzungumzia matembezi ya kujifurahisha kwenye njia iliyopitishiwa watumwa. Uchungu huo ni wa kweli. Kilwa ndiyo iliyopitisha idadi kubwa zaidi ya watumwa, na uti wa biashara ya Bagamoyo ulikuwa pembe, lakini watumwa walipita hapa, na wamisionari waliofika mwaka 1868 waliwajengea kijiji waliokombolewa. Jina la mji lenyewe, linalosomwa kama bwaga moyo, hubishaniwa kwa sababu hiyo: wengine husikia mateka akiuacha moyo wake ufukweni, wengine mpagazi akiubwaga mzigo na roho yake ikitulia. Kubwaga ni neno la mbebaji, na mimi naegemea tafsiri ya pili. Lakini maana zote mbili zimekaa katika miguu ya watu waliofika hapa wamechoka. Kuitembea njia kwa heshima hakuwadharau. Kinachowadharau ni kuwafungia katika chumba kimoja cha makumbusho, kisha kuwaambia wageni kwamba kule nje hakuna historia.

Kwa hiyo ratiba ya mgeni mwenye ari ibaki ile ile, maana maeneo ni mazuri na mwili unastahili kuchoka kidogo. Kinachopaswa kubadilika ni maneno ya anayemtembeza. Kwenye mikoko ya Kaole atamke neno bandari kabla ya neno msitu. Mjini amwonyeshe maji yakipwa, majahazi yakilala upande kwenye mchanga na watu wakishusha mizigo mabegani, ili aelewe kwa nini meli kubwa zilikwenda Dar es Salaam. Saadani amtaje Bwana Heri kabla ya simba. Na wakifika Mkwaja, pale ukoka ulipo mfupi kuliko kwingine, amwombe azime injini, atazame chini, na akisie ni nani waliokuwa wakilala hapa.