Seneti yetu iko wapi? Jibu nililipata Tabora

Nilipotea kidogo, nilikuwa Tabora. Leo naomba tuongee historia, ila msinikimbie, kwa sababu historia yenyewe inahusu sheria zinazotubana leo.

Ilikuwa Oktoba 2024. Usiku wa tarehe 17 Seneti ya Kenya ilipiga kura kumwondoa madarakani Naibu Rais Rigathi Gachagua, na kesho yake kijiwe cha kahawa pale mtaa wa Ng'ambo hakikuwa na habari nyingine. Mzee mmoja akanigeukia, kwa kuwa mwandishi wa habari pale nilikuwa mimi. "Mwanangu, hivi sisi Seneti yetu iko wapi?" Nikamjibu kwa haraka ya msomi wa chuo kikuu kwamba sisi tuna Bunge la ukumbi mmoja, basi. Mzee akanywa kahawa yake, akasema: "Sijauliza kumbi ngapi. Nimeuliza nani anaangalia mara ya pili."

Swali hilo lilinikosesha usingizi.

Hebu tuangalie ramani kwanza. Fuateni ile njia ya zamani ya misafara: Bagamoyo, Tabora, Ujiji. Ukifika Ujiji ukavuka Ziwa Tanganyika unaingia Kongo, wana Seneti. Ukipanda kaskazini Burundi, wana Seneti. Rwanda, wana Seneti. Rudi mashariki Kenya, nao wanayo. Sisi tulio katikati ya njia hatuna. Kwa nini?

Tuanze na watemi. Mtemi wa Kinyamwezi hakutawala peke yake. Alikuwa na wanyampara, wazee wa kumshauri, na mtemi akifa wao walikuwa na sauti katika kumpata mwingine. Mtu anaweza kusema hilo ndilo lilikuwa baraza letu la juu. Lakini tusijidanganye kwa kupenda mambo ya kale. Mtemi Mnywa Sere wa Unyanyembe alipowatoza ushuru wafanyabiashara wa Kiarabu waliokaa Tabora, walimpinga kwa bunduki, na ilipofika 1860 kiti kilikuwa cha Mkasiwa, mtu waliyemtaka wao. Baraza la ukoo likakosa nguvu mbele ya watu wenye baruti na pembe za ndovu. Somo la kwanza hilo: jicho la pili lisilo na wananchi nyuma yake huzibwa na mwenye mali.

Tukaja kwa Waingereza. Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika, LEGCO, lilianza 1926 bila Mwafrika hata mmoja. Wawili wa kwanza waliingia 1945, na wote walikuwa machifu: Kidaha Makwaia wa Shinyanga na Abdiel Shangali wa Kilimanjaro. Waliteuliwa, hawakuchaguliwa. Mwaka 1957 serikali ya Gavana Twining ikaanzisha mkutano wa machifu wa nchi nzima, wakati TANU inazidi kupata nguvu vijijini. Huo mkutano haukuwahi kuwa ukumbi wa pili wa Bunge. Wananchi walishaanza kuuliza: chifu anayelipwa na Gavana atamkagua Gavana vipi?

Sasa ndiyo tunafika kwenye kiini. Januari 1958 TANU ilifanya mkutano wake mkuu Tabora. Mjadala ulikuwa mkali. Serikali ilikuwa imetangaza uchaguzi wa LEGCO kwa masharti ya ajabu: kila mpiga kura lazima achague watu watatu, Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Tena ili uruhusiwe kupiga kura ulipaswa uwe na elimu ya darasa la nane, au kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au cheo fulani. Wengi walitaka TANU isusie. Mwalimu Nyerere, ambaye aliusoma mji huo akiwa mwanafunzi wa Tabora School na baadaye mwalimu wa St. Mary's, akasimama na kushawishi chama kiingie. Akashinda. Zuberi Mtemvu hakukubali, akatoka na kuanzisha chama chake, Congress. Uchaguzi ulipofanyika 1958 na 1959, TANU na wale iliowaunga mkono wakafagia. Ndiyo maana uamuzi ule unaitwa Uamuzi wa Busara.

Lakini ndugu zangu, mmeona kilichotokea hapo? Jambo kubwa kuliko yote kuhusu Bunge letu liliamuliwa nje ya Bunge. Liliamuliwa kwenye mkutano wa chama. Na ikawa desturi.

Mwaka 1963 uchifu ukafutwa kisheria. Mwaka huohuo Chifu Abdallah Fundikira, mtemi wa Unyanyembe aliyekuwa waziri katika serikali ya Nyerere, akajiuzulu. Mwaka 1965 tukawa nchi ya chama kimoja. Mwaka 1975 Katiba ikarekebishwa kutambua kwamba chama kimeshika hatamu, yaani Bunge lenyewe liko chini ya chama. Vyama vingi vilirudi 1992.

Kwa hiyo jibu la mzee wa Ng'ambo ni hili: Seneti tulikuwa nayo. Iliitwa Halmashauri Kuu. Ilikuwa inaangalia mara ya pili, na mara nyingi hata mara ya kwanza. Tatizo ni kwamba haikuwa na jukwaa la wageni, na hakukuwa na kiti cha mwandishi.

Wenzetu Kenya walianza na Seneti 1963, kiti kimoja kila wilaya, wakaifuta 1966, wakairudisha kwa Katiba ya 2010. Leo ina maseneta 67, na kazi yake kubwa ni kutetea kaunti. Mwaka 2020 waliparurana kwa miezi juu ya namna ya kugawana fedha za kaunti, na mwaka huohuo Mahakama Kuu ikabatilisha sheria 23 kwa kuwa zilipitishwa bila Seneti kushirikishwa. Ni gharama, ni kelele, lakini kelele zenyewe zinasikika barabarani.

Kwetu, Julai 2017 miswada mitatu ya maliasili na madini ilipelekwa Dodoma kwa hati ya dharura ikapita ndani ya siku chache. Miswada ya mafuta na gesi ilifanyiwa hivyohivyo 2015. Inawezekana zilikuwa sheria nzuri. Lakini nani aliangalia mara ya pili?

Msije mkasema haiwezekani. Katiba yetu tayari inajua kuhesabu mara mbili: mambo fulani ya Muungano hayabadilishwi bila theluthi mbili ya wabunge wa Bara na theluthi mbili ya wabunge wa Zanzibar, kila upande ukihesabiwa peke yake. Zanzibar ililindwa. Je, mkulima wa tumbaku wa Urambo analindwa na nani?

Mimi sidai tujenge ukumbi mpya wakati tayari tuna wabunge karibu 400. Ninachodai ni kidogo: siku mjadala wa Katiba mpya utakaporudi mezani, jicho la pili liandikwe humo, na likae hadharani, mahali ambapo mzee wa kijiweni anaweza kulisikia kwenye redio yake.

Naomba kutoa hoja.